Wakanda nako kuna mpaka, na adui ni aliyerejea

JUMAMOSI iliyopita mpwa wangu alinijia na kitabu cha katuni kilichonyofoka jalada, cha Kifaransa, alichonunua kwa wauza vitabu vya mitumba hapa mjini. Ana umri wa miaka 11. Alikuwa ameshakisoma mara tatu na alikuwa na swali moja tu. "Mjomba, huyu alifukuzwa kwao akiwa mtoto, akakulia ugenini, akasoma, akarudi nyumbani. Sasa mbona ndiye adui?"

Nilikosa jibu la haraka.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha Black Panther, yaani mfalme T'Challa wa nchi ya kubuni iitwayo Wakanda, na adui aliyekuwa akiulizwa ni Killmonger. Wengi wenu mnawajua hawa kupitia filamu ya mwaka 2018. Mimi niliiona kwenye kibanda cha video, Kigoma, nimekaa juu ya kreti la soda, huku mtafsiri akiifasiri kwa Kiswahili kwa sauti kubwa kuliko ya wachezaji wenyewe. Steringi alipotokea kibanda kizima kilishangilia. Adui alipofikishwa mbele ya baraza la mfalme, mikono imefungwa pingu, akadai kilichokuwa cha baba yake, mzee mmoja nyuma yangu, ambaye baadaye nilijua ni mwenyeji wa Makamba, alisema taratibu: "Huyu naye anadai shamba."

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Ndugu msomaji, unaweza kujiuliza ukurasa huu, ambao kwa kawaida unazungumzia ushuru, vibali na bei ya mawese, una kazi gani na katuni za Wamarekani. Naomba subira yako. Nchi hiyo ya kubuni habari yake kubwa ni mpaka, na sisi tunaosoma gazeti hili ni watu wa mpakani, ama kwa biashara ama kwa historia.

Wakanda ilizaliwa New York mwaka 1966, katika toleo namba 52 la jarida la Fantastic Four, lenye tarehe ya Julai. Walioibuni ni Stan Lee na Jack Kirby, Wayahudi wawili wa mji huo. Katuni za huko zilikuwa zimezoea kumchora Mwafrika akiwa mpagazi au mtu wa kumtisha mzungu porini. Hawa wawili wakamchora mfalme msomi ambaye nchi yake ina mitambo kuishinda Marekani. Februari ya mwaka huo huo Kwame Nkrumah, aliyekuwa akihubiri serikali moja kwa Afrika nzima, alipinduliwa Ghana. Novemba, hapa kwetu Burundi, ufalme ulifutwa na jamhuri ikatangazwa. Yaani wafalme wa kweli walikuwa wanaondoka na ndoto ya Nkrumah ilikuwa inavunjika, na huko New York mtu anakaa mezani na kalamu anachora Mwafrika mwenye kiti cha enzi na nchi ambayo haijawahi kutawaliwa na mkoloni.

Siri ya Wakanda ni madini, vibraniamu, ambayo hayapatikani kwingine. Mgeni aitwaye Klaw anakuja kuyaiba, anamuua mfalme T'Chaka, na mtoto wa mfalme anamjeruhi mgeni huyo kwa silaha yake mwenyewe. Msomaji wa Uvira au Bukavu hahitaji mwalimu wa kumfafanulia sehemu hiyo. Urani nyingi ya mabomu yaliyoangushwa Japani mwaka 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na waliochimba hawakuulizwa lolote.

Jibu la Wakanda kwa dunia ya namna hiyo ni kufunga. Kuficha nchi, kufunga mipaka, kujifanya maskini ili mwizi asipige hodi. Katika filamu lipo hata kabila zima ambalo kazi yake ni kulinda mpaka. Wanajifunika mablanketi ya Wasotho, wanajifanya wafugaji wa kawaida, kumbe blanketi ndiyo ngao. Mkuu wao, W'Kabi, aliyeigizwa na Daniel Kaluuya ambaye wazazi wake ni Waganda, anapinga wakimbizi kuingia. Hoja yake ni kwamba wataingia na matatizo yao. Nakia, aliyeigizwa na Lupita Nyong'o wa Kenya, ndiye anayesema nchi yenye neema kiasi hicho inaweza kupokea watu na ikabaki salama.

Hoja ya W'Kabi nimeisikia mara nyingi. Nimeisikia Tanzania nikiwa mtoto, ikisemwa juu ya wazazi wangu. Nimeisikia hapa nyumbani, ikisemwa juu yangu.

Mimi nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, kwenye makazi waliyopewa Warundi waliokimbia mwaka 1972. Mwaka 2009 nilirudi na mama yangu, magodoro mawili, cherehani na mabati ya nyumba tuliyoibomoa. Tulipofika kwetu, upande wa Rumonge, tulikuta michikichi ya babu inavunwa na mtu mwingine, naye alikuwa na karatasi. Sisi tulikuwa na kumbukumbu ya mama, aliyeweza kuonesha kwa kidole kila mti wa mpaka wa shamba. Watoto wa kijijini walituita "Watanzania". Huko tulikotoka tulikuwa tumeitwa "wakimbizi" kwa miaka 37. Sitamtaja mtu wala ofisi. Nasema tu kwamba kuna siku, kwenye kikao cha kusuluhisha, nilimwangalia yule mvunaji nikaona ananiogopa kwa dhati. Alikuwa na watoto sita. Kwake yeye mimi ndiye niliyekuja kuvunja nyumba yake.

Ndiyo maana swali la mpwa wangu lilinigusa.

Katika katuni, Killmonger anatokea mwaka 1973 katika jarida la Jungle Action namba 6, hadithi ikiandikwa na Don McGregor na kuchorwa na Rich Buckler. Jina lake la kuzaliwa ni N'Jadaka. Ni Mwakanda halisi. Klaw alipovamia, baba yake N'Jadaka alilazimishwa kuwatumikia wavamizi, akafa, na familia ikafukuzwa nchini kwa aibu hiyo. Mtoto akakulia Harlem, akabadili jina, akasoma hadi chuo kikuu. Siku moja mfalme T'Challa alipokuwa Marekani, kijana akamfuata, akamweleza habari zake, na mfalme akamrudisha nyumbani. Akapewa kijiji cha kukaa. Hapo hapo akaanza kupanga uasi.

Katika filamu mambo ni mabaya zaidi: mtoto anaachwa Marekani na jamaa zake wenyewe, baada ya mfalme kumuua baba yake ambaye ni ndugu yake wa damu, ili siri ya mpaka isitoke. Anapokua anakuja kudai, anadai kwa bunduki, na anataka silaha za Wakanda zipelekwe kwa watu weusi wa dunia nzima wajikomboe. Hilo wazo la pili ni Umajumui wa Afrika, lakini umekabidhiwa mtu ambaye mwandishi ameshaamua kwamba ni lazima afe.

Sina ugomvi na wanaoipenda Wakanda. Nimeona watoto wetu wakikunja mikono kifuani kama wanavyosalimiana kule, na nimefurahi. Mtoto aliyezoea kuona Mwafrika kwenye picha akiwa amebeba kontena la maji ana haki ya kumwona mmoja akiendesha ndege. Ninachouliza ni hiki: kwa nini katika hadithi kubwa kuliko zote za mashujaa wa Kiafrika wa katuni, anayerejea ndiye hatari?

Yupo mwingine aliyerejea, na huyo alipokewa vizuri sana. Ororo Munroe, anayeitwa Storm, alibuniwa mwaka 1975 na Len Wein na Dave Cockrum. Mama yake ni binti wa kifalme kutoka Kenya, baba ni Mmarekani mweusi mpiga picha wa magazeti. Anazaliwa New York, anapelekwa Cairo, wazazi wanakufa nyumba ikiwaangukia wakati wa vita vya Suez vya 1956, anakuwa mtoto wa mitaani na mwizi hodari, kisha anatembea kwa miguu hadi Serengeti, nchi ya mababu wa mama yake. Tunapokutana naye kwa mara ya kwanza yuko Kenya. Serengeti iko Tanzania, kama tujuavyo, kwa hiyo dada huyu alipita Sirari na hakuna aliyempigia muhuri. Huko wananchi wanamwabudu kama mungu wa kike, kwa sababu anaweza kuita mvua.

Ukiwaweka hao wawili pamoja utaona. Aliyerudi na mvua wakampigia magoti. Aliyerudi na madai ya baba yake wakamchimbia kaburi. Waliorejea wenzangu mnajua ninachosema: ukija na lori la saruji na simu mbili, wewe ni mtoto wa nyumbani. Ukija na kadi ya mgao na swali kuhusu mpaka wa shamba, wewe ni mgeni. (Mwaka 2006 waandishi waliwaozesha Storm na T'Challa, mwaka 2012 ndoa ikabatilishwa. Hilo nawaachia mashangazi.)

Sasa tuje kwa majirani. Wakanda iko wapi? Waandishi mbalimbali wameihamisha huku na huko, lakini Ta-Nehisi Coates, mwandishi Mmarekani aliyepokea hadithi hiyo mwaka 2016, aliiweka ufukweni mwa Ziwa Victoria. Basi ni jirani yetu kabisa. Mtu wa Mwanza angepeleka sangara. Lakini fungua kurasa utafute biashara hiyo uone. Jirani mmoja wa kubuni wa Wakanda anaitwa Niganda, na katika hadithi za mwaka 2005 zilizoandikwa na Reginald Hudlin, kazi yake ni kuwa nchi maskini inayotumiwa na wageni kuivamia Wakanda. Hakuna soko la mpakani. Hakuna mama anayevuka na ndoo ya dagaa asubuhi na kurudi na sabuni jioni. Katika filamu, mfalme anapoamua hatimaye kufungua nchi, msaada wa kwanza unakwenda Oakland, California. Sawa, watu wa Oakland nao ni damu yetu. Lakini aliyeishi upande wa pili wa uzio kwa miaka yote hiyo, akiugua magonjwa ambayo jirani yake anayatibu kwa nusu saa, hakubishiwa hodi.

Coates, kusema haki, aliliona tatizo. Katika hadithi yake Wakanda yenyewe inaasi, mwanamke aitwaye Zenzi anaamsha hasira za watu dhidi ya mfalme, na mwisho mfalme anakubali kwamba nchi si mali ya ukoo mmoja. Ni hadithi nzito, yenye maneno mengi kuliko ngumi, na mpwa wangu aliitupa ukurasa wa nne.

Mambo ya kufunga mipaka si ya katuni tu. Viongozi wa Afrika walipokutana Cairo Julai 1964 walikubaliana kuiheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni, na aliyewasilisha pendekezo hilo alikuwa Mwalimu Nyerere, ambaye hakuna anayeweza kumwita adui wa umoja. Aliogopa vita vya kugombea ardhi kila kona, na nadhani alikuwa na sababu. Lakini mpaka uliokubaliwa ili kuzuia vita ukageuka kuwa kufuli lenye ufunguo mikononi mwa kila serikali. Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, ilifungwa Februari 2019 na kufunguliwa Januari 2022. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Sitaingia kwenye hoja za nani alianza. Anayeuza nyanya hana hoja, ana nyanya, na nyanya hazisubiri.

Kuna toleo moja la zamani ambalo laiti lingechapwa kwa Kiswahili. Ni la Februari 1972, miezi michache kabla wazazi wetu hawajakimbia. T'Challa anawafukuza wezi hadi nchi ya kubuni iitwayo Rudyarda, ambayo kila msomaji alijua ni Afrika Kusini ya makaburu, na mfalme huyo mwenye utajiri wote ule anajikuta gerezani kama mtu mweusi mwingine yeyote. Nilipolisoma nilimpenda T'Challa kuliko siku nyingine zote. Mpakani hakuna anayejua wewe ni mfalme.

Nije kwenye miungu, maana hapo ndipo katuni hizi zinajisifu kwa Uafrika. Wakanda inamwabudu Bast, mungu wa kike mwenye sura ya paka kutoka Misri ya kale. Watu wa mlimani wanaitwa Jabari, neno ambalo mtu wa pwani analijua. Mzee wa kuhani katika filamu anaitwa Zuri, ambalo kwetu ni neno la kusifia ndizi. Jenerali ana jina la Kiigbo na wote wanazungumza Kixhosa. Ni sufuria la pilau ambalo kila mpita njia ametia kiungo chake. Simlaumu mpishi, hata masoko yetu yako hivyo. Lakini kama nchi iko Ziwa Victoria, mbona mizimu ya Maziwa Makuu haimo?

Kwa sababu tunaye wetu. Nyanda hizi zilikuwa na shujaa mmoja aliyejulikana bila pasipoti. Rwanda na Bushi walimwita Ryangombe, Burundi tulimwita Kiranga, na kule Unyamwezini nilikozaliwa chama cha Waswezi kilipiga ngoma kwa mizimu ya ukoo huo huo. Alikuwa mwindaji. Mama yake alimkataza kwenda porini siku ile, akaenda, nyati akampiga pembe, akaegemea mti wenye maua mekundu hadi akafa, na kwa simulizi za Wanyarwanda roho yake ikahamia mlima Karisimbi, ambao leo upande mmoja ni Rwanda na upande wa pili ni Kongo. Waliomfuata walifanywa kuwa watoto wake. Mhutu aliingia, Mtutsi aliingia, Mtwa aliingia. Mimi ni Mkristo na simwiti mtu arudi kwenye kubandwa. Nasema tu kwamba huyu ni shujaa ambaye watu wake walitambuana kwa alama za ibada bila kuulizana wametoka kilima gani, na hakuna hata katuni moja iliyowahi kunifikia yenye sura yake.

Wajaluo wanaye Luanda Magere, mwenye mwili wa jiwe, ambaye nguvu zake zilikuwa kwenye kivuli. Mke aliyeletwa na maadui Wanandi akaigundua siri, mkuki ukachomwa kivulini, basi. Pwani wanaye Fumo Liyongo, ambaye silaha hazikumwingia ila sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe. Stan Lee angelipa pesa nyingi kwa udhaifu wa namna hiyo.

Sisemi Waafrika hawachori. Nikiwa Ulyankulu tulilipokezana gazeti la Sani hadi herufi zinafutika, na steringi wetu walikuwa Ndumilakuwili, Lodi Lofa na mtoto mtundu Madenge, watu wasio na nguvu zozote ila maneno. Kenya walianzisha Shujaaz mwaka 2010, katuni ya bure kwa Sheng, ikiingizwa ndani ya gazeti na kugawiwa kwenye vibanda vya M-Pesa. Afrika Kusini kuna Kwezi wa Loyiso Mkize, kijana wa mjini mwenye nguvu za ajabu, tangu 2014. Mnigeria Roye Okupe amemwandika Malika, malkia shujaa. Lakini kitabu cha Johannesburg au Lagos kufika meza ya mitumba ya Bujumbura ni kazi, ilhali cha New York kinafika kikiwa kimechakaa na kwa Kifaransa. Ile njia ya Shujaaz ndiyo inayonipa hamu. Vibanda vya kutuma pesa viko kila mpaka, Kobero vipo, Gatumba vipo, na gazeti hili lina kurasa. Nimewaambia wahariri wenzangu tutoe nusu ukurasa kila Jumamosi kwa mchoraji yeyote wa ukanda huu atakayeleta hadithi ya kueleweka. Wamesema wataangalia gharama za wino. Nitawauliza tena Jumatatu.

Shamba letu, kwa wanaotaka kujua, liligawanywa. Upande wa mtoni tulipewa sisi, wa barabarani akabaki yeye. Mama hakuridhika mpaka alipofariki. Mwaka jana yule bwana alikuja kuazima cherehani ya mkewe kushonea sare za watoto, akakaa, akanywa chai, akaniuliza kama Tabora bado asali ni rahisi.

Mpwa wangu naye ameanza kuchora. Jana alinionesha steringi wake: mwanamke mnene, khanga kiunoni, ndoo ya ndagala kichwani, amesimama penye kizuizi cha barabarani, na kivuli chake kimeshavuka upande wa pili. Pembeni amechora muhuri kwa kalamu ya bluu, mzuri kuliko wa kweli. Nilimuuliza adui ni nani. Alisema bado hajamchora.